Mshahara, Kibarua na Korona

Janga la maradhi likiingia katika eneo, hupanua pengo lililokuwapo kati ya mwenye kipato cha mwezi na anayetafuta riziki ya siku. Pwani ya Kenya ililiona hilo wakati wa Korona.

Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa na kafyu ikaanza, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, watu wasiingie wala kutoka.

Amri ilikuwa moja, hasara ikawa mbalimbali. Bandari ya Mombasa iliendelea kupakua mizigo, na watumishi wa serikali waliendelea kulipwa. Katika hoteli za Diani, Watamu na Malindi, wafanyakazi wengi walipewa likizo bila malipo. Nyuma yao walikuwapo wavuvi, wachonga vinyago, madereva wa tuktuk na wasusi wa ufuoni, ambao hata likizo hawakuwa na wa kuwapa. Muuza mishikaki na viazi karai, ambaye wateja wake hutoka baada ya Magharibi, alipoteza saa zote za biashara yake.

Nafuu nayo ilifuata njia ya mshahara. Aprili 2020, Kenya iliwaondolea kodi ya mapato waajiriwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, ikashusha kiwango cha juu cha kodi hiyo kutoka asilimia 30 hadi 25. Lakini zaidi ya kazi nane kati ya kumi nchini ziko katika sekta isiyo rasmi, ambako hakuna hati ya mshahara wa kukatwa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ilipungua kutoka asilimia 16 hadi 14, na aliyenunua zaidi akafaidika zaidi. Mpango wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wa mitaa ya mabanda vibarua vya usafi, ila ulikuwa wa muda.

Athari hizo hubaki hata mipaka ikifunguliwa. Asiyekatiziwa mshahara huweza kuweka akiba. Aliyeuza mbuzi au cherehani ili ale huanza upya bila mtaji, mara nyingi akiwa na deni. Watoto nao hurithi pengo hilo. Madarasa mengi yalifungwa hadi Januari 2021, na masomo ya redio, televisheni na intaneti yaliwafikia wenye vifaa na umeme.

Kwa hiyo haki wakati wa janga hutegemea matayarisho ya kabla yake. Kenya tayari huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia mpango wa Inua Jamii. Vibarua na wachuuzi wakiandikishwa mapema vivyo hivyo, msaada huweza kuwafikia kwa simu kabla hawajauza cherehani.