Siri ya mwenzako si mali yako



Wapendwa vijana, tuseme majibu ya vipimo vya dada mmoja wa kwaya yamepigwa picha na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp. Baada ya saa moja, jumuiya nzima inajua. Ukimuuliza aliyetuma, anakujibu: "Kwani nimedanganya? Si ni kweli?"

Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Amri ya nane tunaikariri kama katazo la uongo tu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2491, inafundisha kwamba habari za faragha zinazoweza kumdhuru mtu zisitolewe bila sababu nzito, hata kama hakuna aliyekuapisha kuzitunza. Kumbe kweli nayo inaweza kuua.

Sheria ya nchi nayo imeliona hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hospitali, benki au kampuni ya simu ikichukua taarifa zako, izichukue kwa lengo halali na izitumie kwa lengo hilo. Una haki ya kujua zinatumikaje, na zikiwa na makosa zirekebishwe. Habari za afya zina ulinzi wa pekee. Ukiona umeonewa, ipo Tume ya kupokea malalamiko yako.

Ni sheria njema, tuijue na tuitii. Ila sheria haiwezi kukaa kwenye kidole chako unapotaka kufowadi. Hapo inabaki dhamiri.

Mtazame Mtakatifu Yosefu. Alipojua Maria ana mimba, na kabla malaika hajamweleza, alidhani ana sababu ya kumwaibisha hadharani. Hakutaka. Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, inamwita mwenye haki. Kwake haki ilikwenda pamoja na kulinda heshima ya mwenzake.

Tusichanganye mambo, lakini. Kufunika ukatili siyo kutunza siri. Mtoto akiumizwa, sema, tena haraka, kwa wanaoweza kumwokoa.

Yaliyobaki, jiulize: mwenyewe ameniruhusu? Yatamsaidia nani? Ningekuwa mimi je? Ukikosa jibu, yaishie kwako. Futa. Kisha msalie Salamu Maria moja yule ambaye leo anaona aibu hata kuja Misa.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Maria, utuombee.