Mwenye Kuuliza Ana Deni

Ziko njia mbili za kumwomba mtu shauri. Ya kwanza ni ya yule ambaye bado hajakata neno, naye anatafuta nuru kwa mwenzake. Ya pili ni ya yule aliyekwisha kukata neno moyoni mwake, naye anataka tu mashahidi wa kusema kwamba aliuliza. Kwa nje njia hizo zafanana: viti vimepangwa, wazee wamealikwa, karani yupo na kalamu yake. Tofauti huonekana baadaye, siku ya kutoa jibu.

Twasema haya kwa sababu ya jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto. Serikali inapowauliza wananchi maoni yao juu ya elimu, je, imejifunga kwa lolote? Na mwananchi aliyeulizwa, je, yeye naye ana wajibu gani?

Kwanza tukumbuke kwamba kuulizwa si hisani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, yasema wazi kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Na ibara ya 21 yampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linawatambua wazazi kuwa wenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kadhalika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Basi mzazi aitwapo katika baraza la elimu, haingii kama mgeni. Amekuja kwa mambo ya nyumbani kwake.

Lakini haki ya kusikilizwa, je, ni haki ya kutiiwa? Hapa yatupasa kufikiri kwa makini. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Tume ilikusanya maoni na kutoa taarifa yake mwaka 1982. Miongoni mwa mapendekezo yake, ilishauri Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia katika Kidato cha Kwanza mwaka 1985, na kifike Chuo Kikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali shauri hilo. Mwalimu mwenyewe, aliyekipenda na kukikuza Kiswahili kuliko wengi, alitaka Kiingereza kiendelee, maana alikiona kuwa ndicho Kiswahili cha dunia.

Je, Serikali ilikosa kwa kukataa? La hasha, si kwa kukataa tu. Mshauri si mtawala, na mwenye kuulizwa hawi mwenye kuamua. Mtawala hubeba mizigo ambayo mshauri haibebi: vitabu, walimu, fedha, na mahali pa nchi yake kati ya nchi nyingine. Aweza kukataa shauri jema kwa sababu nzito. Deni lake ni jingine: kuziweka sababu hizo wazi mbele ya wale aliowauliza, wazipime. Shauri likikataliwa kwa sababu zilizoelezwa vema, mtu huondoka ameheshimiwa. Likipotea kimya, huondoka amedharauliwa, hata kama alipewa chai na nauli.

Tazameni jinsi swali hilo lilivyozunguka tangu hapo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Miaka ikapita, na darasani mambo yakabaki yalivyokuwa. Baadaye maoni yakakusanywa tena, na Mei 2023 rasimu mpya za sera na mitaala zikajadiliwa katika kongamano la kitaifa Dodoma. Sera iliyorekebishwa ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2025, nacho Kiingereza kingali lugha ya kufundishia katika sekondari. Msomaji aweza kukubali au kukataa uamuzi huo. Walakini neno lililofungwa bila kujibiwa sawasawa halikomi. Hurudi kila kizazi, na kila likirudi huwakuta watu wamepungukiwa imani.

Wako wasemao: wananchi wa kawaida wanajua nini juu ya mitaala? Waachieni wataalamu. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mkulima hataandika muhtasari wa somo la hesabu, wala wingi wa mikono iliyoinuliwa hauwezi kugeuza kosa kuwa kweli. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi ndiye ajuaye saa mwanawe anayotoka nyumbani na saa anayorudi, michango iliyodaiwa, siku alizokwenda na njaa, na barua ambayo mtoto wa darasa la tano hawezi kumsomea bibi yake. Sera yetu sasa yataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ni nia njema. Kama sekondari iko mbali na kijiji, mtaalamu ataiona katika ramani. Mama wa binti wa miaka kumi na mitatu ataiona katika hofu yake ya kila jioni. Yafaa vyote viwili viwemo katika uamuzi.

Tena tuulize: ni nani asiyekuwamo barazani? Ukumbini hufika wenye nafasi, wenye nauli na wenye ulimi mwepesi. Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule, na ni mwezi Novemba 2021 tu Serikali ilipofungua mlango wa kurudi katika shule za kawaida. Mabinti hao, wengi wao, hawakuwa na kiti katika mkutano wowote uliowajadili. Basi mwenye kuuliza kwa haki hawangoji tu watu waje. Huwaendea wasioweza kuja.

Nasi wazazi, deni letu liko wapi? Ni rahisi kunyamaza mkutanoni na kunung'unika njiani. Wala haitoshi kusema kwa ajili ya mwanao peke yake. Mwenye uwezo wa kulipia shule ya binafsi naye anaulizwa kama raia, na jirani yake mwenye watoto wanne katika shule ya kata yumo katika jibu lake. Asemaye barazani yampasa aseme kweli anayoijua, awafikirie wasiokuwapo, na awe tayari kusikia kwamba shauri lake halikushinda.

Kwa wenye madaraka tunaomba jambo moja. Kila maoni yakusanywapo, utoke waraka kwa Kiswahili chepesi, ufike shuleni na vijijini, ukisema: haya ndiyo tuliyoyasikia, haya tumeyachukua, haya tumeyaacha, na sababu zake ni hizi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji tu kuamini kwamba mtu aliyetembea kwa miguu hadi ofisi ya kata, akasema neno lake na kutia sahihi, anastahili kujua lilikwenda wapi.