Ruhusa ya Kukaa

Anayesafiri kwa baiskeli peke yake hana wa kumwomba ruhusa ya kupumzika. Wakiwa wawili, mmoja husema miguu imekufa, mwenzake hujifanya anamhurumia, na wote hupata walichokuwa wakikitamani tangu asubuhi. Aliye peke yake ni mwajiri na ni kibarua. Kibarua akitaka kulala, mwajiri yupo naye kitanda kimoja, anahesabu kilomita. Ndiyo maana pumziko, ambalo wengi huliona ni shauri la mwili tu, mimi naliona ni shauri la mamlaka. Nani anaweza kuniambia inatosha, nami nikaamini?

Swali hili lilinibana Makambako. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na ukifika hapo Kitonga na kona zake zimeshabaki nyuma, Iringa na Mafinga pia. Barabara ya Songea inaachana hapo na ile ya Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake. Ni mji uliokuzwa na wapita njia. Madereva wa malori ya Zambia hulala hapo, mabasi hushusha abiria wakachimbe dawa na kunyoosha migongo, gesti zimejaa kila uchochoro. Pumziko ni bidhaa mjini humo, lina bei na lina saa ya kukabidhi ufunguo. Nililinunua, na bado sikulipata. Siku niliyoitenga kwa ajili ya kutofanya kitu nilipaka mnyororo mafuta, nikafua, nikabonyeza matairi kana kwamba yangepungua upepo kwa kutotazamwa, nikapiga hesabu ya mteremko wa kwenda Igawa na Chimala.

Nilikuwa na hoja ya kujitetea, tena ya kisayansi. Misuli haijengeki mtu anapokanyaga pedeli. Wakati huo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo na akiba ya wanga hupungua. Kujengwa na kujazwa upya huja baadaye, mtu akila na kulala, na akiba hiyo huweza kuchukua siku nzima au zaidi kurudi. Kwa hiyo kukaa ni sehemu ya kwenda. Mwajiri alipoelezwa hivyo alikubali mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kuishuku hoja yenyewe. Alikubali kwa sababu alionyeshwa faida. Tour de France ya siku hizi, mashindano ya wiki tatu, ina siku mbili za mapumziko, na katika siku hizo waendeshaji wengi hutoka wakaendesha saa moja au mbili ili miguu isigande. Siku ya kupumzika ina zamu yake. Siwalaumu, wale wanalipwa. Mimi silipwi na mtu.

Aristotle aliliona tatizo hili mapema. Kwake, kupoza uchovu ili urudi kazini ni dawa tu, na dawa hutumikia kitu kingine. Juu yake aliweka wakati huru ambao hautumikii chochote, akasema kazi zote tunazifanya kwa ajili yake. Nakubaliana naye mpaka ninapokumbuka kwamba kuna mtu aliyekuwa akimfulia nguo. Mwanafalsafa huyo huyo, katika kitabu chake cha Siasa, alitetea utumwa. Katika mji mdogo jambo hilo halijifichi. Dada wa gesti ameinamia beseni la mashuka asubuhi, na baridi ya Makambako, zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, si ya mchezo. Shuka nililolalia limepita mikononi mwake.

Wahenga wetu hawakuwa na subira na wakati huru wa namna hiyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia methali hii kama karipio kwa mgeni mvivu, na karipio limo. Lakini jembe lina hisani yake pia. Anayehudumiwa hapumziki sawasawa: anakaa wima, anachunga adabu, anajua anadaiwa. Akishapewa jembe, amepewa nafasi nyumbani. Gesti haina jembe la kukupa. Ukishalipa mmemalizana, na hakuna atakayekuweka popote.

Karibu na stendi kulikuwa na mama ntilie aliyenipa pole ya safari nilipofika. Kesho yake aliponiona tena alishangaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Bado upo?”

“Nipo, mama. Napumzika.”

“Haya, kama unapumzika, nimenyee hivi.”

Akanisogezea ndoo ya viazi na kisu. Mkoa wa Njombe haukosi viazi. Baada ya muda akachungulia, akaniambia, “Mwanangu, mbona unatupa kiazi unabakiza ganda?” Nikapunguza unene wa maganda.

Katika viazi vile mwajiri wangu alinyamaza. Shughuli peke yake haiwezi kuwa ndiyo iliyomnyamazisha, maana mnyororo nao ulikuwa shughuli. Nadhani ni kwa sababu mnyororo ulikuwa ndani ya hesabu zangu, na viazi vilikuwa katika hesabu za mtu mwingine, mwenye wateja wake na haraka zake, asiyejali kama nitafika Mbeya au nitaishia Igurusi. Mamlaka niliyokuwa nikiyatafuta yalikuwa kwake.

Mtu anaweza kuniuliza: na yeye je? Kwake ile ilikuwa kazi kama ya jana, na mimi niliweza kuiacha ndoo wakati wowote nikaenda zangu, uhuru ambao yeye hakuwa nao. Ni kweli, na sina jibu linalolimaliza swali hilo. Nina tofauti moja tu ya kutaja kati yake na waliomtumikia Aristotle: pale stendi, aliyetoa amri alikuwa yeye. Nilipoagiza chakula alinitoza bei ya kila mtu, na nilifurahi, kwa sababu kama angenipunguzia hata kidogo, viazi vile vingegeuka kibarua.