Subiri pesa, usisubiri prosesa

Mtoto wa kaka yangu anatafuta laptop tangu mwishoni mwa 2023, na pesa anayo. Hilo la pesa ndilo lililonifanya niandike. Hapa kwetu Kimara tumezoea kumwona kijana anayetaka kitu akakosa uwezo. Huyu uwezo anao, ameukusanya kidogo kidogo, laki saba na ushee zimelala kwenye simu, na bado kila siku anashinda kwenye steshenari ya watu pale Suka akitumia kompyuta ambayo si yake.

Ukimuuliza, jibu analo. Desemba 2023 alikuwa ameshapanga siku ya kwenda Kariakoo, Intel wakatoa prosesa mpya, Core Ultra. Akasema hebu za zamani zishuke bei kwanza. Mei 2024 Microsoft wakatangaza kundi jipya la laptop zenye sehemu maalumu ya kufanyia kazi za akili mnemba. Akaona hakuna haja ya kununua kilichopitwa. Oktoba 2025 Apple wakaleta prosesa ya M5. Ya Apple hana mpango nayo wala haiwezi, lakini alisema hiyo itawasukuma wengine wote, kwa hiyo tuvute subira. "Shangazi, nikinunua leo, baada ya miezi sita naonekana wa kuja," aliniambia.

Kwanza nimtetee, maana hoja yake ina mizizi. Aprili 1965 Mmarekani Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha Intel, aliandika makala akitabiri kwamba idadi ya vijenzi vinavyobanwa kwenye kipande kimoja cha silikoni itaendelea kuongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema kila miaka miwili. Utabiri ule ulishika kwa miongo kadhaa, na ndio uliomzoesha mnunuzi wa kompyuta popote alipo kuamini kwamba ya kesho itaishinda ya leo. Na wapo waliosubiri wakafaidi. Hadi kizazi cha saba, prosesa za Intel Core i5 za laptop nyembamba za ofisini zilikuwa na viini viwili tu vya kuchapa kazi. Agosti 2017 kikatoka kizazi cha nane, zikawa na vinne. Aliyenunua Julai ya mwaka ule ana haki ya kung'ata vidole.

Kuna watu waliowahi kulipigia hesabu swali hili, nusu utani, nusu kweli. Mwaka 1999 watafiti vijana wa elimu ya anga katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walikuwa na hesabu ndefu za nyota ambazo kompyuta ilizitafuna kwa miezi na miaka. Wakajiuliza: tuanze leo na mashine tuliyonayo, au tule bata kwanza, kisha tununue iliyo kali zaidi? Walichukulia kwamba nguvu ya kompyuta inaongezeka mara mbili kila baada ya miezi 18, wakapata jibu. Kazi itakayochukua zaidi ya miezi 26 kwenye mashine ya leo, isubirishe. Ukianza baadaye na mashine bora utamaliza mapema kuliko aliyeanza sasa. Ikiwa pungufu ya hapo, anza.

Ninachopenda katika hesabu ile ni kwamba ilianza na kazi. Wale walijua kazi yao ina urefu gani, ndiyo maana jibu likapatikana. Sasa tazama kazi za kijana wangu: kadi ya mwaliko wa harusi inayotakiwa Alhamisi, bango la mama lishe, nembo ya saluni, video fupi ya sendoff ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sijawahi kusikia kadi ya harusi ya miezi 26. Kwa kipimo cha Arizona alipaswa kuanza tangu ile Desemba.

Nchi yetu nayo ina historia katika jambo hili la kusubiri. Mwaka uleule wa 1965 ambao Moore aliandika makala yake, kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha. Matumizi yake serikalini hayakwenda kama ilivyotarajiwa, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na wataalamu wengi walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Aliyeihitaji ilibidi aombe kibali maalumu. Zuio hilo lilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Televisheni nazo ziliguswa: Zanzibar walikuwa na kituo chao cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku bara tukikaa bila kituo hadi 1994.

Siwacheki waliotoa uamuzi ule. Walikuwa na sababu za wakati wao. Ila nikitazama nyuma naona hasara haikuwa kwenye mashine. Kompyuta zote ambazo zingenunuliwa mwaka 1974 zingekuwa vyuma chakavu muda mrefu uliopita. Tulichokosa ni watu: mafundi ambao wangezifungua na kuzifunga, waandishi wa programu ambao wangekosea wakajifunza, walimu ambao wangewarithisha wanafunzi wao. Mashine huzeeka, lakini mkono ulioizoea hauzeeki nayo. Huhamia mashine inayofuata ukiwa na ujuzi wote. Miaka ya mkono hainunuliki hata prosesa ikiwa ya bei chee.

Nenda steshenari ya Suka uone ninachosema. Kijana anafungua kazi yake, anachora nembo ya saluni, anajaribu kupindisha mstari uwe kama unywele. Kabla hajaupatia, anaingia mteja na flashi, anataka kuchapisha barua. Kazi inafungwa. Akifungua tena anakuja binti wa kujaza maombi ya Ajira Portal, kasahau neno la siri, inakula dakika arobaini. Halafu kitambulisho cha NIDA, nakala mbili, nyuma na mbele. Jioni mwenye duka anazima. Ule mstari haujapinda hadi leo. Kijana anaweza kukutajia prosesa kumi na tofauti zake bila kumeza mate, lakini programu ya kuchorea bado inamsumbua, kwa sababu hajawahi kukaa nayo usiku mzima peke yake.

Kuna jambo jingine anayesubiri prosesa mpya hapa Kimara hulisahau: laptop nyingi tunazomudu zimeshasubiri kabla yetu. Kampuni za Ulaya na Marekani hukodi au kununua mashine kwa mkupuo, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla. Nyingi hupitia Dubai ndipo ziingie Kariakoo. Ndiyo maana dukani utakuta HP EliteBook ambayo kibodi yake ni ya Kijerumani, Z iko mahali pa Y, na juu yake zimebandikwa stika za herufi zilizoanza kubanduka pembeni. Kwa hiyo anayesubiri Core Ultra ya mtumba anasubiri mfanyakazi mmoja wa benki ya Frankfurt aichoke ya kwake. Siku atakapoichoka, Intel watakuwa wameshatoa nyingine, na kijana wetu atapata sababu ya kusogeza tena.

Wala asidhani kwamba kusubiri ni bure. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kitu. Katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Bidhaa inayonunuliwa kwa dola Dubai inaweza kushuka bei kule na ikapanda huku, mtu akajikuta laki saba zake zinanunua kidogo kuliko mwaka uliopita. Shilingi ilikuja kupata nafuu baadaye, lakini nani alijua? Mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zikaruka, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili mnemba vilikuwa vinazigombania. Teknolojia kushuka bei si sheria ya maumbile.

Hata hivyo sisemi mtu akurupuke. Kuna kusubiri ambako ni busara, na naomba nikutenge na kule kwingine. Subiri pesa. Usiende kwenye mikopo ya kausha damu ukachukua laptop ambayo rejesho lake litakula hela ya kula na nauli, kisha ikauzwa kwa bei ya kutupa kabla hujamaliza deni. Subiri pia kujua unachonunua. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, na Windows 11 kwa mashine za Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Winga, yaani dalali, atakayekupokea pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hana muda wa kukueleza hilo. Atakwambia "hii i5, chuma hiki", na i5 kweli itakuwa. Usiamini stika iliyobandikwa. Washa mashine, ingia kwenye maelezo ya mfumo, usome namba. Ikiandikwa i5-6300U, ile sita ya mwanzo ni kizazi cha sita, iache. Ikiandikwa i5-8350U, hapo mnaweza kuongea. Kisha chomoa chaji, ikae kwenye betri wakati mnapatana, maana kwetu umeme ukikatika betri ndiyo inayoamua kama kazi ya mteja itaisha.

Hiyo yote ni kazi ya Jumamosi moja. Haihitaji miaka.

Kama kuna mahali pasipohitaji mwalimu wa somo hili ni hapa kwetu. Panda Golani, shuka Bonyokwa, utaona nyumba ambazo wenyewe walihamia zikiwa na chumba kimoja kilichoezekwa, madirisha yamezibwa kwa mabati, sakafu zege tupu, dari hakuna. Mwenye nyumba alipima akaona kodi inammaliza. Akaingia, vigae vikaja mwaka wa tatu, rangi mwaka wa tano. Wapo waliosema watahamia nyumba ikiisha. Wengi wao bado wanalipa kodi Manzese na Sinza, na ramani zao ni nzuri sana.

Nimewaza sana ni kitu gani hasa kinamshika kijana mwenye pesa mkononi. Sidhani ni kasi ya prosesa. Naona ni hofu mbili. Ya kwanza ni ya kuambiwa "umepigwa". Mjini hapa kupigwa ni aibu kuliko kukosa. Mtu akinunua kitu leo, kesho akakutana na mwenzake aliyepata kizuri zaidi kwa bei ileile, atachekwa kijiweni wiki nzima. Asiye nacho hachekwi. Hofu ya pili imejificha zaidi. Maadamu huna laptop, hakuna anayeweza kusema kazi zako ni za kawaida. Unabaki kuwa mbunifu mkubwa aliyekwamishwa na vifaa. Siku ukinunua, kisingizio kinakufa: kazi zinaonekana, na za mwanzo huwa mbaya, hakuna aliyeanza akachora vizuri. Kusubiri kunamlinda mtu asionekane akiwa mwanafunzi.

Wazee waliposema subira yavuta heri walikuwa na maana ya subira iliyo kazini: mkulima anangoja mvua akiwa ameshalima, mgonjwa anangoja nafuu akiwa ameshameza dawa. Kungoja na shamba halijafyekwa walikuita kwa jina lake, uvivu. Na sisi wa leo tumepata uvivu wa aina mpya unaofanana na bidii, kwa sababu unasoma, unalinganisha bei, unatazama video za wachambuzi hadi saa nane za usiku, na asubuhi unaamka umechoka kweli. Kijana wangu si mvivu wa mwili. Amechoka kwa kujiandaa.

Na kuna suala la kuridhika, ambalo tunalihubiri zaidi kuliko tunavyoliishi. Kuridhika hakumaanishi kukataa kizuri. Ni kujua kiasi kinachotosha kwa shughuli iliyo mbele yako, ukaacha kuumwa na kilichozidi. Kadi ya harusi haijui imetengenezwa kwa kizazi cha nane au cha kumi na nne. Bibi harusi anaangalia jina lake limeandikwa sawasawa na kama rangi inaendana na kitenge cha kamati. Hatakuuliza prosesa.

Basi nimempa kijana sharti moja, na nalitoa kwa yeyote aliye katika njia panda hiyo, iwe ni ya laptop, cherehani au kamera. Kabla hujaniuliza ununue sasa au usubiri, nitajie kazi tatu zilizokwama kwa kukosa hicho kitu, na wenye kazi hizo ni nani. Ukizitaja, nunua ndani ya wiki, ndani ya pesa uliyonayo, kilicho bora kwa pesa hiyo, kisha funga macho kwa matangazo. Usipoweza kuzitaja, tatizo lako halipo Kariakoo. Zunguka kwanza mtaani utafute kazi, maana hata prosesa ya mwaka 2030 haitakutafutia.

Juzi ameniletea majina mawili, saluni na kamati ya harusi. La tatu nimempa mimi: kadi za mwaliko za Vikoba vyetu. Jumamosi tunakwenda kununua.