Vazi la Mchezaji Njiani, na Macho ya Watazamaji

Wasomaji wetu wajua ya kuwa kila vazi lina mahali pake. Joho la hakimu barazani hutia hofu. Likionekana sokoni, penye mafungu ya samaki, huleta kicheko. Mpishi mwenye aproni hapana amtazamaye jikoni. Akiingia nayo arusini, watu wote hugeuza shingo. Twapenda leo kulifikiri jambo hili kwa mfano ulio mgeni kwetu, yaani vazi la wachezaji wa Ulaya liitwalo tutu, likivaliwa njiani katika mji wa kawaida, mchana, mbele ya watu waendao kazini. Je, avaaye hivyo amefanya neno la aibu? Na sisi tumwonao tuna wajibu gani kwake?

Yafaa kwanza tulieleze vazi lenyewe, maana si wengi kwetu waliolitia machoni. Tutu ni sketi ya matabaka mengi ya kitambaa chepesi chenye matundu, mfano wa chandarua. Na kitambaa hicho kimepata jina lake kwa Kizungu katika mji wa Tulle, nchi ya Ufaransa. Ziko tutu ndefu, ziangukazo chini ya magoti, na ziko fupi, zisimamazo kukizunguka kiuno kama sahani. Huvaliwa na wanawake wachezao baleti, ile ngoma ya jukwaani ambayo mchezaji husimama juu ya ncha za vidole vyake, akasimulia hadithi nzima kwa mwili wake pasipo kusema neno.

Wala ufupi wake haukuanza kwa upuzi. Hapo zamani wachezaji wa kike wa Paris walivaa magauni marefu na mazito. Katika karne ya 18 Marie Camargo alipandisha pindo lake kidogo, ili watazamaji waione kazi ya miguu yake, na maneno yakawa mengi mjini. Mwaka 1832 Marie Taglioni alitokea katika mchezo wa La Sylphide, nguo yake nyeupe na nyepesi kama ukungu, na tangu siku zile vazi la namna hiyo likawa alama ya kazi yao. Karibu na mwisho wa karne ya 19 likafupishwa tena, kwa kuwa hatua zilizidi kuwa ngumu, na miguu ilipaswa kuonekana. Basi ni vazi la kazi, kama vile mvuvi akunjavyo nguo zake aingiapo majini.

Tena ni vazi lililowagharimu watu maisha. Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni, alikuwa katika mazoezi huko Paris mwezi wa Novemba 1862, sketi yake ikagusa moto wa taa ya gesi, ikawaka mara moja. Alikufa kwa majeraha hayo mwaka 1863, umri wake miaka 20. Dawa ya kuzuia nguo isishike moto ilikuwako, walakini iliifanya sketi kuwa ngumu na kupotewa na weupe wake, naye hakuikubali. Amwonaye mchezaji kwa mbali akadhani ni mtu wa mzaha tu, hajui jasho wala hatari iliyoshonwa ndani ya pindo lile.

Lakini msomaji atasema, “Jukwaani, vema. Njiani je?” Na tulijibu swali hili kwa habari za mtu mmoja.

Yuko bwana wa Marekani, Bob Carey, ambaye kazi yake ni kupiga picha. Mwaka 2002 aliombwa atoe picha kwa ajili ya kundi la baleti la Arizona. Akavaa tutu ya rangi ya waridi, kifua wazi, mtu mzima mwenye mwili mkubwa, akajipiga picha mwenyewe. Mwaka 2003 yeye na mkewe Linda walihamia upande wa mashariki wa nchi ile, na baadaye mkewe akaonekana ana saratani ya matiti. Akatibiwa, mwaka 2006 ugonjwa ukarudi. Bwana yule akaendelea kuvaa sketi ile mahali pengi, barabarani, ufukweni, mashambani, akijipiga picha. Linda akazichukua picha zile mpaka mahali alipokuwa akitiwa dawa, akawaonyesha wanawake wagonjwa wenzake; nao, katika chumba kile ambacho kila aingiaye huingia na hofu yake, wakacheka. Mwaka 2012 picha hizo zikatolewa katika kitabu kiitwacho Ballerina, na fedha zikaelekezwa kuwasaidia wanawake wenye ugonjwa huo.

Twajua wako watakaotukumbusha amri ya Kumbukumbu la Torati, kwamba mwanamume asivae vazi la mwanamke. Hatuidharau amri hiyo, wala hatumwambii msomaji aifute. Twauliza tu kama bwana Carey alimdanganya mtu awaye yote. Kifua chake kilikuwa wazi, na tumbo lake mbele ya watu. Hapana aliyemwona akamdhani ni mwanamke. Alivaa vazi lisilomfaa, wala hakuficha ya kuwa halimfai, na kicheko chote kilitoka humo.

Lugha yetu yatusaidia hapa kuliko hoja nyingi. Twasema *kumcheka* mtu, na twasema *kucheka naye*. La kwanza humwacha peke yake katikati ya duara. La pili humtia ndani ya duara pamoja nasi. Vivyo hivyo twatenga *haya* na *aibu*. Haya hukaa moyoni mwa mtu mwenyewe, ni mlinzi wake. Aibu mara nyingi ni deni ambalo sisi wengine twamwandikia, naye hakukopa kitu. Mtu aliyejitoa achekwe ili mgonjwa apate kucheka, hakupoteza haya yake. Ametoa heshima aliyokuwa nayo, kama mwingine atoavyo fedha.

Sasa tuje kwenye swali lililo gumu zaidi. Tuseme mwanamke wa mji mdogo wa Uingereza atoka nyumbani siku ya Jumanne amevaa tutu, aenda kununua mkate na kutia barua posta. Hana mgonjwa, hachangishi fedha, hatangazi kitu. Akiulizwa sababu, ajibu kwamba vazi lampendeza. Wengi walio tayari kumsifu bwana Carey watamgeukia huyu kwa ukali, kwa kuwa hana udhuru. Hapa ndipo sisi twasita. Kama twamruhusu mtu kuwa mbali na desturi kwa sharti kwamba kwanza atuonyeshe msiba wake, basi upole wetu ni wa kuuzwa, na bei yake ni machozi ya mwenzetu. Na zaidi ya hayo, hatujui. Waliompita bwana Carey njiani waliona sketi. Hapana aliyeona habari za mkewe. Yamkini yule aendaye posta naye ana habari zake, au hana. Si haki yetu kuzidai kabla ya kumwitikia salamu.

Itasemwa kwamba desturi ni ukuta wa mji, na ya kuwa wazee walinena, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Neno hili lina kweli yake. Avaaye hana ruhusa ya kusahau jirani. Akiingia na sketi ile matangani, amewaambia wafiwa kwamba furaha yake ni kubwa kuliko kilio chao. Akiivaa kwa kuwadhihaki wengine, amewafanya wao kuwa mchezo. Mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Na anayejivika mwenyewe vazi la ajabu yampasa ajue mahali pa kuchutama. Lakini njia ya watu wote si matanga. Mtu aendaye zake pasipo kumzuia mwingine hakubomoa ukuta wowote.

Tena tukumbuke ya kuwa kicheko chetu chategemea mazoea kuliko haki. Shela ya bibi arusi, ambayo kwayo mama hutoa machozi ya furaha, mara nyingi ni kitambaa kile kile kifanyacho tutu. Kikifunika uso kanisani twakiita kitakatifu. Kikizunguka kiuno njiani twakiita kichaa. Na tai tuifungayo shingoni wakati wa jua kali, babu zetu wangaliiona ni kamba ya mbuzi. Basi aibu haikufumwa katika uzi.

Sisi walimu twaona jambo moja ambalo pengine wengine hawaliangalii. Apitapo mtu wa vazi la kigeni, watoto humfuata kwa kelele, na kabla ya kuokota jiwe hugeuka nyuma watazame nyuso za wakubwa. Tukicheka, wameruhusiwa. Tukinyamaza, wameruhusiwa pia. Katika dakika ile twawafundisha somo ambalo hatutaliweza kulifuta ubaoni: ya kwamba aliye peke yake ni halali ya walio wengi. Mtoto aliyelishika somo hilo kwa mtu mwenye tutu atalitumia kwa kilema, kwa mgeni, kwa mjane, na mwisho kwa mzazi wake mwenyewe akizeeka na kuvaa shati kinyume.

Wasomaji wamekwisha kumkumbuka mfalme Daudi, aliyecheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku, amevaa naivera ya kitani, na Mikali binti Sauli akamtazama dirishani akamdharau moyoni. Mikali hakukosea katika aliyoyaona, maana vazi lile kweli halikuwa la kifalme. Kosa lake lilikuwa kubaki dirishani.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa siku moja katika mji wako atapita mtu aliyevaa vazi usilolielewa, hatukuambii ulipende, wala hatukuambii ulivae. Mpe njia. Mwamkie kama uwaamkiavyo wengine. Ukiwa na mtoto mkononi, mtoto yule na akusikie ukimwamkia.