Kivuli Hakibebi Mzigo

Baba yangu ana swali moja ambalo huniuliza kila Krismasi, tukishamaliza kula: "Kwa hivyo uliacha sheria kwa sababu ya wiki mbili?" Siku hizi haulizi kwa hasira. Anauliza vile mtu huuliza gari liliharibikia wapi. Nami kila mwaka humpa jibu tofauti, na hakuna hata moja lililowahi kumridhisha. Hata mimi halijaniridhisha.

Wiki mbili hizo nilizipitisha nyuma ya wakili mmoja nikiwa mwaka wa pili chuoni. Haikuwa atachimenti rasmi, hakuna aliyenitilia sahihi kitabu. Nilikuwa tu mtu wa kufuata. Akiingia mahakamani naingia, akinywa chai nakunywa, akifoka kwenye simu naangalia dirishani nikijifanya sisikii. Nafasi yenyewe niliipata kwa sababu shangazi yangu husali kanisa moja na karani wa ofisi ile. Hilo nalo lina ubaya wake, maana darasani tulikuwa wengi, na wengi wetu hawakuwa na shangazi wa aina hiyo.

Lakini fikiria vile sisi huchagua kazi hapa Kenya. Unafanya KCSE, matokeo yanatoka, unaingia mtandao wa KUCCPS, unaangalia alama zako zinafika kozi gani, unajaza. Uko na miaka 18. Kama umepata A, mtaa mzima umeshakuchagulia: daktari, injinia ama wakili. Mimi nilijaza sheria nikiwa sijawahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi wa kesi ya kuku. Nilichojua kuhusu uwakili nilikitoa kwa televisheni, ambako kesi huisha kwa dakika 40, matangazo ya biashara yakiwemo.

Na mpangilio wenyewe umekaa kinyume. Anayetaka kuwa wakili husoma digrii miaka 4, halafu aende Kenya School of Law, na ni katika hatua hiyo ya mwisho ndipo huwekwa chini ya wakili kwa miezi 6 aone kazi inavyofanywa. Yaani unafunga harusi kwanza, halafu ndiyo unafunuliwa shela. Fundi wa jua kali ametushinda akili. Kijana anayetaka kujua kuchomelea vyuma huanza kwa kushikilia bomba na kuokota misumari, na kama zile cheche zimemshinda, atajua wiki ya kwanza, kabla mzazi hajauza ng'ombe.

Kwa hivyo mimi ni mtu wa kusema mwanafunzi apelekwe aone kazi mapema. Ningesema mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza. Shida ni kwamba sijui kuona kunatupatia nini hasa.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, L. A. Paul, aliyetoa kitabu mwaka 2014 kinachoitwa Transformative Experience. Anatoa mfano wa ajabu: umepewa nafasi ya kugeuka mnyonya damu, wale viumbe wa filamu wanaoishi usiku. Marafiki zako wote waliogeuka wanakwambia ni poa, hawajutii. Utaamuaje? Wewe hujawahi kuwa mmoja wao, hujui kunahisi vipi. Na ukishageuka, atakayekuwa akipima kama ni poa si wewe wa leo, ni yule aliyegeuka. Anasema mambo makubwa ya maisha yako hivyo, kupata mtoto kwa mfano, na uchaguzi wa kazi pia umo. Nikimfuata yeye, hata ningemwandama wakili mwaka mzima bado ningekuwa nauona uwakili kwa macho ya mtu ambaye si wakili.

Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo kabisa. Niliona uchoshi mtupu. Kutafuta faili masijala, kuambiwa faili haionekani, kurudi saa nane, kumbe ilikuwa juu ya kabati. Kungoja kesi itajwe asubuhi nzima, halafu inatajwa kwa dakika tatu na kusongeshwa mbele. Nikaona wacha, hii si kazi yangu. Lakini kulikuwa na msichana wa mwaka wetu aliyekaa na mimi kwenye benchi lile lile siku mbili za kwanza, na yeye aliona mchezo wa drafti. Alinong'ona, "Umeona vile amemfanya yule aombe tarehe yeye mwenyewe?" Mimi sikuwa nimeona kitu. Leo yuko ndani ya kazi hiyo, na nikimpigia simu haongei kingine.

Uchoshi wa anayeangalia si uchoshi wa anayefanya. Wakili yule alikuwa na watu wanne kichwani kila asubuhi, kila mmoja na shamba lake au mtoto wake. Mimi nilikuwa na chai. Kivuli hupita kila mahali mwenye gunia anapopita, kinapinda anapopinda, lakini ukikiuliza gunia lina uzito gani, kitakwambia nini?

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeacha chuo kwa sababu ya kijinga. Lakini Jumatano ya wiki ya pili wakili aliitwa korti nyingine kabla hajaongea na mteja wake, shosho mmoja mjane aliyekuwa na kesi ya shamba na shemeji zake. Kesi ilikuwa imeahirishwa miezi mitatu. Wakili akanigeukia akikimbia, "Mwelezee, nakuja."

Nilimpata kwenye korido, ameketi na mfuko wa karatasi miguuni. Alikuwa ametoka kwake saa kumi usiku. Akasimama aliponiona. Nilikuwa na suti ya kaka yangu. "Wakili," akaniita, "wamesemaje?"

Hapo ndipo ningesema, shosho, mimi si wakili, mimi ni mwanafunzi. Maneno saba tu. Sikuyasema. Nilimweleza tarehe mpya, akanyamaza kidogo, akauliza, "Lakini tutashinda, sivyo?" Nami nikamwambia, "Tutashinda, shosho. Usijali." Nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja wa faili yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea hapo hapo, kwa sauti, watu wakipita.

Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuwepo, sawa. Lakini ukweli ni kwamba lile jina lilikuwa tamu, na sikutaka linivuke. Nilisema tutashinda ili niendelee kuwa wakili kwa dakika nyingine mbili.

Immanuel Kant alishaandika mwaka 1785 kwamba usimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia lengo lako. Nilisoma hilo mwaka wa kwanza, nikapata alama nzuri. Na tazama sasa: tunasema mwanafunzi aende akajitambue, akaone kama kazi inamfaa. Lakini anajitambulia juu ya nani? Mahakamani ni juu ya shosho mwenye kesi. Hospitalini ni juu ya mtu aliyelala bila shati, na wanafunzi sita wamezunguka kitanda. Kuna siku huwa nafikiri kioo changu kiligharimiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Nilimweleza wakili jioni. Hakupiga kelele. Alisema mteja haahidiwi ushindi hata siku moja, na kwamba yeye pia aliwahi kufanya hivyo akiwa mgeni kwa kazi, kisha akampigia shosho simu akamwelezea vizuri. Nilisikia upande mmoja tu wa maongezi. "Hapana, mama, yule ni mwanafunzi." Kimya. "Ndiyo, mama. Ni kijana mzuri."

Muhula uliofuata sikurudi. Karo pia ilikuwa inasumbua, nisijifanye mtakatifu. Yule rafiki yangu huniambia nilikosea, ati mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya jambo kama hilo ndiye angefaa kubaki, na walioitikia "wakili" bila kujikuna ndio wangetoka. Huenda ana haki. Huenda nilikimbia. Ninachokijua ni kwamba siku tisa za kuangalia hazikunifundisha chochote kunihusu, na dakika tano za kubeba kitu zilinifundisha. Na siwezi kusema dakika zile zilikuwa zangu kuzitumia hivyo.

Mwezi uliopita binamu yangu aliyemaliza kidato cha nne alinitumia ujumbe. Anataka kuwa mwandishi, aje anifuate wiki moja. Nilicheka sana. Ataona nini? Ataona mtu amevaa suruali ya kulalia, anaandika barua pepe ya nne kuulizia malipo ya makala ya Machi. Lakini nikakumbuka wiki hiyo naenda Gikomba kuongea na mama anayeuza samaki, mambo ya maisha yake, mengine mazito. Binamu angependa sana kuja hiyo siku.

Kwa hivyo nilimpigia mama simu kwanza. Nikamwambia kuna kijana, si mwandishi bado, anajifunza tu, na akikataa hakuna neno. Akafikiri. Nyuma yake nilisikia mtu anabishana kuhusu barafu.

"Aje," akasema. "Lakini aje saa kumi na moja asubuhi, na gambuti. Kuna ndoo za kubeba."