Kiti Kilichozeeshwa kwa Strungi

Siku ya kwanza nilipomwona Fundi akizeesha kiti, nilidhani anaandaa chai ya saa nne. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la makaa, majani yakichemka bila maziwa wala sukari, strungi nyeusi tititi. Akachovya kitambaa, akakikamua, akaanza kupangusa mkono wa kiti cha ngozi alichokuwa amemaliza kukishona wiki ileile. Akangoja kikauke. Akapiga msasa laini pale viwiko vinapokaa. Akapaka rangi ya viatu kwenye mishono, akaifuta kabla haijashika, ili ibaki tu ndani ya mifereji midogo kama uchafu wa miaka mingi. Akarudia, na tena akarudia. Kufikia jioni kiti kilikuwa na umri wa miaka 60 na kitu.

"Haya," akaniambia. "Sasa wewe kipe hadithi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nikimwandikia muuzaji mmoja wa fanicha za zamani, msee wa rika langu mwenye jicho zuri na simu yenye kamera nzuri zaidi. Kila kiti alichokipiga picha nilikiandikia maelezo, KSh 500 kwa kimoja. Vingine vilikuwa vya zamani kweli: alivinunua kwa wageni wanaohama, kwenye minada, kwa familia zinazogawana vitu vya marehemu. Lakini viti vya aina hiyo huisha, na wateja hawaishi. Hapo ndipo Fundi alipoingia, na kibanda chake cha mabati kando ya Ngong Road.

Sikuambiwa nidanganye. Uongo wa kazini hauji hivyo. Niliambiwa nitumie neno "mtindo". Mtindo wa miaka ya hamsini. Ni kweli, si ndiyo? Baadaye "mtindo" likaonekana baridi, tukalitoa. Ikabaki "miaka ya hamsini". Halafu mteja mmoja akauliza kilitoka wapi, bosi akanipigia: "Andika tu kitu. Shamba huko Naivasha, mzungu fulani, unajua." Nilijua. Niliandika mlowezi, veranda, mvua ya Aprili, gazeti lililochelewa. Nikaweka mwaka: 1954. Kiti ambacho Fundi alilipwa KSh 35,000, ngozi na mbao zikiwa juu yake, kiliuzwa KSh 140,000.

Swali ninalotaka kuuliza hapa ni rahisi kulitamka: nani aliumia? Mama aliyekinunua alikipenda. Mbao ni mvule, ngozi ni ya ng'ombe, mishono imenyooka. Kitamzidi umri. Fundi alipata karo ya mtoto. Bosi alilipa kodi ya duka. Mimi nililipa keja. Ukizunguka meza nzima, kila mtu anatabasamu. Basi kwa nini nilikuwa nikilala vibaya?

Labda nianze na yale Fundi alinifundisha, kwa sababu anayejua kughushi ndiye anayejua ukweli ulivyo. Nilimwuliza mimi ningejuaje kiti cha zamani, nikiwa na pesa yangu mkononi. Akacheka, akasema usikikalie kwanza, kigeuze. Uzee wa kweli una mpango. Mwili wa mtu hugusa mahali palepale kila siku: mbele ya mikono, ukingo wa mbele wa kikao, pale kichwa kinapoegemea hadi mafuta ya nywele yakapafanya peusi. Hapo ndipo pa kuchakaa. Ukiona kiti kimechakaa kila mahali sawasawa, kimechakazwa. Inua mto uangalie chini yake: jua halijafika huko, kwa hivyo rangi ya ngozi inafaa kuwa tofauti na ya juu. Angalia skrubu. Zenye mfereji mmoja ni dalili njema, zenye msalaba ni sababu ya kuuliza swali la pili, ingawa pengine kiti kilipelekwa kwa fundi tu wakati fulani. Bonyeza kikao. Viti vingi vya kale vilijazwa springi, manyoya ya farasi au nyuzi za nazi. Sponji ilienea katika miaka ya 50 na 60, na sponji ya zamani huchoka, haikurudishii mkono haraka.

Kisha ngozi yenyewe. Weka tone la maji mahali pa siri. Ngozi iliyobaki na uso wake wa asili, isiyofunikwa na rangi nzito, hunywa polepole na kuacha kivuli. Iliyopakwa rangi nene huliacha tone limekaa juu, kama mvua kwenye boneti ya gari. Reksini nayo utaijua miaka michache baadaye, itakapoanza kubanduka vipande na kukushika mapajani. Ngozi halisi hupasuka, hukauka, hufifia, lakini haibanduki hivyo. Na ikipewa mafuta kidogo mara moja moja, hurudi.

Nilipomsikiliza nilielewa kitu. Mtu anayelipia kiti cha zamani halipii ngozi tu. Analipia muda. Anachonunua ni miaka mingi ya miili kukaa, kuinuka, kuegemea, kulala na redio ikiwa wazi. Muda ndio bidhaa pekee kibandani mwa Fundi ambayo haikuwa na msambazaji. Mvule unaagizwa, ngozi inanunuliwa kwa futi, strungi inachemshwa. Muda hauchemshwi.

Lakini ngoja. Je, si hata viti "asili" vyenyewe ni hadithi juu ya hadithi? Chukua kile kiitwacho kiti cha safari, cha mbao nyepesi na mikanda ya ngozi badala ya mikono. Kaare Klint wa Denmark alikichora mwaka 1933, na hadi leo kinauzwa ghali kama mfano wa ubunifu wa Kidenmaki. Lakini Klint alianzia kwenye kiti cha jeshi la Waingereza kilichopewa jina la mji wa Roorkee, India, kiti cha kufunguliwa vipande na kubebwa. Askari walikibeba, wawindaji na walowezi wakakileta kwenye mahema yao huku kwetu Afrika Mashariki, na huko Ulaya kikatua kama urembo wa sebule. Leo mtu wa Nairobi anakiagiza kutoka Copenhagen kikiwa na jina la safari, neno letu. Hapo nani mwenye kiti?

Nilimtolea bosi hoja hii, au tuseme nilijitolea mwenyewe mbele yake, kama wakili. Kila kiti kimeigwa. Basi Fundi kuiga kuna ubaya gani?

Hakuna ubaya. Kuiga si uongo. Charles na Ray Eames walitoa kiti chao cha ngozi na mbao iliyopindwa mwaka 1956. Børge Mogensen akatoa chake cha mwaloni na ngozi nene ya tandiko mwaka 1958, akikopa umbo la viti vya zamani vya Uhispania, na kukiita hivyohivyo, Kiti cha Kihispania. Alikopa na akataja alikokopa. Fundi wa Ngong Road anayetazama picha kwenye simu na kutoa kiti chenye mgongo ulioinama vizuri anafanya walichofanya hao wote. Tofauti ni moja: wao majina yao yako kwenye viti. Yeye kazi yake ilikuwa ikiuzwa kwa sharti kwamba asiwepo. Kadiri alivyofanya kazi vizuri, ndivyo alivyotoweka. Mimi nilikuwa nikilipwa KSh 500 kumtoa.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema kwa sababu linatugusa sote. Kwa nini kiti cha mlowezi kina bei kuliko kiti cha Fundi? Mnunuzi hakuwa mzungu. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mwenye kazi nzuri, aliyetaka sebule yenye "historia". Nami nilijua bila kufundishwa ni historia ipi inauzika. Hakuna aliyewahi kuniambia niandike kwamba kiti kilikuwa cha karani wa reli kutoka Kisumu, au cha mwalimu wa shule ya upili aliyejinyima akakinunua mwaka 1967. Kizuri chajiuza, wanasema wahenga. Labda. Lakini kando ya Ngong Road nimeona vizuri vingi vikila vumbi mwaka mzima kwa kukosa mzungu wa kuvisingizia.

Siku moja Fundi aliniomba nimsomee maelezo ya kile kiti cha Naivasha. Nikamsomea, nikiona haya kidogo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo 1954 umeitoa wapi?"

"Ilisikika vizuri tu, Mzee."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaniambia baba yake alishikwa hapa Nairobi Aprili ya mwaka huo, ile operesheni ambayo Waingereza waliziba mji mzima na kupakia watu kwenye malori. Akapelekwa kambi ya Lang'ata, kisha Manyani. Alirudi, akaoa, akamzaa yeye, akamfundisha useremala. "Alikuwa hapendi kukaa kwa kiti," akasema. "Alikuwa anachuchumaa." Kisha akaendelea kupiga msasa.

Mimi niliuokota ule mwaka kama mtu anavyookota kokoto barabarani, kwa sababu ilikuwa laini. Na ile mvua ya Aprili niliyomnyeshea mlowezi wangu kwenye veranda ilikuwa mvua ya mtu. Hapo ndipo nilipopata jibu la nani aliumia, ingawa si jibu linaloweza kusimama mahakamani. Ukitunga umri wa kitu, unachukua miaka ambayo watu wengine waliiishi kweli, na unaifanya pazia.

Sasa nifike kwangu, kwa sababu ni rahisi sana kumhubiria bosi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, na uvivu sehemu nyingine, na sehemu ya tatu bado sijaielewa. Lakini kwenye wasifu wangu wa kutafutia kazi nilikuwa nimeandika kwamba "alisomea" fasihi katika chuo kikuu. Alisomea. Litazame neno hilo. Si uongo. Ni "mtindo wa miaka ya hamsini" kabisa. Linamwacha msomaji aweke shahada mwenyewe, kama yule mama alivyoweka mlowezi mwenyewe kabla sijamwandikia. Nyumbani, mama bado huwaambia wenzake wa kanisani kwamba nimebakiza kidogo. Nikimwuliza kwa nini, ananijibu, "Kwani utapungukiwa na nini?" Nami pia nilikuwa nimepanguswa strungi, na wengi walikuwa wameshika kitambaa.

Niliandika upya maelezo ya kiti kilichofuata. Yalikuwa mafupi: Kiti kipya. Mvule na ngozi ya ng'ombe. Kimeshonwa kwa mkono na fundi wa Ngong Road, aliyeanza kazi hii kwa baba yake. Kitazeeka vizuri ukikikalia. Bosi alisoma, akanyamaza, akaandika: "Bro, hii inauza 50." Alikuwa sahihi kuhusu bei. Hakunitumia kazi nyingine, na sikumlaumu. Nilibadilisha wasifu pia, nikaandika kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu. Wateja wawili hawakujibu tena. Labda walikuwa na sababu zao.

Nilipoenda kumweleza Fundi, nilitarajia pongezi, na hiyo ilikuwa aibu ya pili. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Aliniuliza, kwa upole, kama ukweli wangu una wateja. Sikuwa na jibu. Bado sina la kutosha. Najua tu kwamba ukweli unaogharimu watu wengine kuliko unavyokugharimu wewe si wa kujivunia sana, na kwamba hilo halitoshi kunirudisha kwenye uongo. Kwa hivyo siku hizi nampiga picha yeye na viti vyake, kwa simu yangu ya kamera mbovu, na ninaandika anachofanya. Mwezi uliopita tuliuza viwili. KSh 52,000 na KSh 48,000. Ni chini sana ya 140,000, lakini zote mbili ziliingia mfukoni mwake, na akanitolea changu.

Kama unatafuta kiti cha ngozi cha zamani, kitafute. Vipo, na vingine ni vizuri kupita maelezo. Kigeuze, kinuse, uliza kimetoka kwa nani, na ukipewa hadithi tamu mno, uliza tena. Lakini pia jiulize ni nani unayemtaka awe amekikalia kabla yako, na kwa nini yeye.

Mimi ninacho kimoja. Fundi alinipa kwa mafungu kwa sababu mshono wa mgongoni ulienda upande, hakutaka mteja auone. Ngozi bado ni ngumu, rangi yake ni ya kitu kipya, na kinalia ukikigeukia. Hakina hadithi yoyote. Juzi nilikuwa nikiandika usiku nikakimwagia strungi mkononi. Niliruka, nikafuta haraka kwa fulana. Doa limebaki, pale kiwiko changu cha kulia kinapokaa.